Kazi za Serikali na Kabila la Mwombaji

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Shauri Moyo, Nairobi



Halmashauri iliniomba nizungumze juu ya namna kazi za Serikali zinavyogawanywa kati ya makabila ya Kenya. Nilipopewa kichwa hicho nilijua kwamba katika ukumbi huu hakuna asiyekuwa na neno lake, na wengine mna maneno makali. Sitajaribu kumridhisha kila mtu. Nitataja miaka na hesabu ili atakaye kunipinga apate mahali pa kushika, kisha nitaleta ombi moja mbele yenu.

Kabla ya kabila palikuwa na rangi, na ni vema vijana walijue hilo. Nyumba za mtaa huu zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Pangani ya zamani ilipovunjwa na watu wake wakatafutiwa pa kukaa. Mji ulikuwa umepangwa kwa rangi, na daftari la mishahara vivyo hivyo. Tume ya Sir Maurice Holmes, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1948, ilikubali kwamba Mwafrika afanyaye kazi ile ile ya Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu huyo. Tom Mboya alipoajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951 kuwa mkaguzi wa afya, aliona kwa macho yake kwamba wakaguzi Wazungu wenye kazi sawa na yake walilipwa zaidi yake. Nawaomba mwangalie alilofanya. Hakwenda kwa mkubwa mmoja kumwomba ampandishe yeye peke yake. Aliwakusanya wafanyakazi Waafrika wa Baraza, wa kila kabila, akakigeuza chama chao cha wafanyakazi kuwa chama cha kutetea haki kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1954 Tume ya Sir David Lidbury iliyoangalia utumishi wa Serikali katika Afrika ya Mashariki ilishauri kwamba mishahara ya rangi iondolewe. Wageni waliendelea kupata nyongeza zao kwa jina jingine, lakini kanuni ya tatu katika tano ilikwisha.

Mwaka huo huo wa 1954 yalitokea mambo mengine ambayo wapo hapa waliokuwa watoto wakayaona. Tarehe 24 Aprili askari waliuzingira mji huu, wakapita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika, na watu zaidi ya 20,000 wa Kikuyu, Embu na Meru wakachukuliwa kwenda vizuizini, Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Kazi walizoziacha hazikukaa tupu. Waliingia wengine, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, nao hawakuwa na kosa lolote, maana mtu mwenye njaa hamwulizi mwajiri habari za aliyetangulia. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja tu. Mara nyingi twasikia kwamba kabila fulani limejaa ofisini kwa sababu wana bidii, na kabila fulani halionekani kwa sababu ni wavivu. Hapa Nairobi hesabu ya makabila makazini iligeuzwa kwa amri moja ya Serikali, katika muda wa majuma machache, wala bidii ya mtu yeyote haikupungua wala kuongezeka katika majuma hayo.

Hali kadhalika na shule. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, Wazungu walikuwa wakiondoka na viti vyao vilihitaji watu wenye vyeti. Vyeti vilitoka wapi? Vilitoka mahali ambapo wamisionari walijenga. Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Alliance kule Kikuyu ilianzishwa mwaka 1926, na mwaka huo huo wilaya za Kaskazini zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Basi mtoto wa Maseno na mtoto wa Mandera walipoambiwa mwaka 1963 kwamba sasa wote ni Wakenya na kila mmoja alete cheti chake, mmoja alikuwa nacho, na mwenziwe alikuwa hajapata kuuona. Miaka miwili baadaye Serikali ilitoa Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake ikasema kwamba fedha za maendeleo zitangulie kuwekwa mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kwa maendeleo. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Tena mwaka 1971 Tume ya Bwana Duncan Ndegwa iliwaruhusu watumishi wa Serikali wawe na biashara zao, na tangu siku hiyo kiti cha ofisini kikawa na thamani kuliko mshahara wake. Kitu kikipanda thamani hugombewa, na mwenye kukigawa hukumbuka kwanza watu wa kwao.

Sitazunguka juu ya yaliyofuata. Zama za Mzee Kenyatta, mpaka mwaka 1978, Wakikuyu walipanda sana katika vyeo vya Serikali. Zama za Rais Moi, mpaka mwaka 2002, Wakalenjin walipanda. Kila upande ulisema wakati wake kwamba ni sifa za kazi tu. Mwaka 1980 vyama vya makabila viliamriwa vivunjwe. Luo Union, GEMA, New Akamba Union, vyote vikafungwa, na hata timu zetu za mpira hazikusalimika. Abaluhya iliyokuwa ikitupa raha siku za Jumapili ikaitwa AFC Leopards. Majina yalibadilika upesi. Daftari za ajira hazikubadilika.

Sheria ilikuja baada ya damu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 chini ya Bwana Kofi Annan, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Taifa ya mwaka 2008. Kifungu cha 7 chasema kwamba idara yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaweka katika kifungu cha 232 misingi ya utumishi wa umma. Wapo wasemao kwamba Katiba inataka sifa za kazi tu, na wapo wasemao inataka kila kabila lipate tu. Wote wawili hawajasoma sentensi mpaka mwisho. Katiba inataka ushindani wa haki na sifa za mwombaji, lakini inaliweka sharti hilo chini ya masharti mengine mawili, yaani jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na wanaume, wanawake, watu wa makabila yote na wenye ulemavu wapewe nafasi sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo. Mambo hayo yamefungwa pamoja, na mwenye kuchukua moja na kuliacha jingine amevunja sheria.

Sasa niseme kasoro niionayo katika hesabu ya theluthi. Kwa sensa ya mwaka 2019 Wakenya walikuwa 47,564,296. Kabila kubwa kuliko yote, Wakikuyu, walikuwa 8,148,668, yaani kama watu 17 katika kila mia. Theluthi ni watu 33 katika mia. Kwa hiyo sheria yaruhusu hata kabila lililo kubwa kuliko yote lishike karibu mara mbili ya kadiri yake. Tena, makabila matatu yakichukua kila moja theluthi yake, ofisi imejaa, sheria haikuvunjwa, na makabila mengine zaidi ya 40 yako nje barazani. Mkuu wa idara aweza kuja mbele ya Bunge akaapa kwamba ametii sheria, naye akasema kweli.

Hesabu yenyewe nayo yahitaji kusomwa kwa utaratibu. Mwaka 2011 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa taarifa yake ya kwanza juu ya makabila katika utumishi wa Serikali. Ilionekana kwamba Wakikuyu walikuwa 22 katika kila mia ya watumishi, Wakalenjin karibu 17, na Waluhya 11. Ukilinganisha na sensa ya mwaka 2009, wawili wa kwanza walikuwa wamezidi kadiri yao na Waluhya walikuwa wamepungukiwa. Makabila makubwa matano kwa pamoja, yaani hayo matatu pamoja na Wakamba na Wajaluo, yalishika karibu 70 katika kila mia ya kazi zote. Magazeti yalipiga kelele. Lakini makabila hayo matano yalikuwa zaidi ya 64 katika kila mia ya wananchi. Kwa jumla tofauti haikuwa kubwa kama kelele zake.

Je, basi hakuna udhalimu? Upo, lakini hauonekani kwa kujumlisha hivyo. Katika jumla ya namna hiyo mfagizi wa ofisi na Katibu wa Wizara huhesabiwa kila mmoja ni mtu mmoja. Kabila laweza kuwa na kadiri yake kamili ya watumishi na wote wakawa madereva, matarishi na walinzi. Kabila jingine laweza kuwa na watu wachache tu, lakini wote wakawa ghorofa ya juu, ambako saini hutiwa. Kwa hiyo tukisikia hesabu yoyote ya makabila, swali letu la kwanza liwe ni vyeo gani vilivyohesabiwa.

Na swali la pili liwe ni mwaka gani watu hao waliingia. Aliyeajiriwa mwaka 1985 akiwa na miaka 25 alistaafu mwaka 2020, maana umri wa kustaafu ulitolewa kwenye 55 ukapelekwa 60 mwaka 2009. Mtumishi wa Serikali hukaa kitini miaka 35. Upendeleo uliofanywa mlangoni siku moja hukaa ndani ya ofisi muda wa kizazi kizima, hata aliyeufanya akiwa amekwisha zikwa. Tena katika miaka ya 1990 mlango wenyewe ulikaribia kufungwa kabisa. Mpango wa kuurekebisha utumishi wa Serikali ulianza mwaka 1993, ajira mpya zikazuiwa, na kuanzia mwaka 1994 watu wa ngazi za chini walipewa fedha ili wastaafu mapema kwa hiari. Hao ndio madereva, makarani wadogo na wafagizi, yaani watu wa mitaa kama yetu. Wengi walinunua vibanda Gikomba na Burma, wengine walirudi mashambani. Watoto wao walipomaliza shule hawakukuta ndani ya Serikali mjomba wala shangazi wa kuwaambia tangazo limetoka.

Hapo ndipo ninapofika kwa watoto wetu wa Shauri Moyo, na juu yao nitakawia kidogo.

Fomu ya kuomba kazi huuliza kabila lako na kaunti ya nyumbani. Kijana aliyezaliwa Pumwani, baba Mkamba, mama Mluhya, akasoma hapa, akacheza mpira hapa, anaijaza vipi? Huandika Mkamba, kwa sababu ni kabila la baba, na huandika Machakos, mahali alipofika mara tatu kwa mazishi. Kule Machakos, kazi za kaunti zikitangazwa, wamwona ni mtu wa Nairobi ambaye hata lugha hajui vema. Hapa Nairobi karatasi yake yasema ni wa Machakos. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yataka angalau 30 katika kila mia ya nafasi za ngazi ya kuanzia zipewe watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Ni sheria nzuri, nayo ingemfaa kijana huyo kila mahali. Lakini taarifa ya Tume ya Uwiano ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba kaunti 15 tu katika 47 ndizo zilizoifuata. Katika kaunti 32 zilizobaki, mgeni aliambiwa kwa vitendo akaombe kwao.

Ndugu zetu wa Nigeria walilijua tatizo hili kabla yetu. Katiba yao ya mwaka 1979 ilitaka Serikali ionyeshe sura ya nchi nzima, nao wakahesabu watu kwa jimbo la asili. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezaliwa mjini, na baba yake kabla yake, huambiwa hana asili hapo, arudi kwenye jimbo la babu. Tusipoangalia, watoto wa Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Jericho watakuwa hivyo hivyo, watu wa Kenya nzima ambao hakuna kaunti inayowahesabu.

Wako walio katika hali mbaya zaidi. Majirani zetu Wanubi, na Wasomali walio wengi upande wa pili wa mto, kwa miaka mingi walipotaka kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati ya kuwachunguza kama ni Wakenya kweli, jambo ambalo mimi na wengi wenu hatukufanyiwa. Asiye na kitambulisho haombi kazi, haingii katika hesabu yoyote, wala hawezi kusemwa kwamba amepungukiwa. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada umeondolewa. Nawaomba wanachama wenye majirani wa namna hiyo wawaulize kama yaliyotangazwa Wajir yamefika katika ofisi ya chifu wao.

Mzee mmoja, nilipokuwa nikitayarisha maneno haya, aliniuliza kwa nini tusiache kabisa kuhesabu makabila, kama jirani zetu Tanzania. Ni swali la heshima. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Lakini Tanzania haikuacha kuhesabu tu. Ilipeleka wanafunzi shule za mbali na kwao, ikawahamisha watumishi wake nchi nzima, na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi na ya nyumbani. Sisi tulijaribu kunyamaza bila kufanya hayo. Sensa yetu ya mwaka 1999 iliuliza kabila, na Serikali haikutangaza majibu. Sikumbuki kwamba upendeleo ulipungua mwaka huo. Ulipata kivuli tu.

Sasa, wazee wangu, nitasema juu ya ujumbe, na msinikasirikie.

Desturi yetu, na ya kila chama cha namna yetu katika mji huu, ni kwamba mtu wa kwetu akipewa cheo kikubwa, wazee hukusanyika, huchangisha, huvaa makoti, huenda kumpongeza, na kabla ya kuondoka huacha karatasi yenye majina ya vijana. Najua ilitoka wapi. Ilitoka katika siku ambazo hapakuwa na tangazo, na mlango wa kazi ulikuwa ni mtu. Lakini tuhesabu faida yake. Mheshimiwa huchukua kijana mmoja, pengine wawili, na mara nyingi ni mtoto wa yule aliyeongea vizuri kuliko wote, wala si mwenye cheti kizuri wala mwenye shida. Kijana huyo hutumika kwa hofu, maana anajua aliyemweka ndiye aliyempa, si kazi yake. Mheshimiwa akianguka, naye huanguka. Na katika taarifa ya Tume, kabila letu huongezeka mtu mmoja, majirani husema tumekula, na Shauri Moyo inabaki kama ilivyokuwa. Tena desturi hii imezaa nduguye aliye mbaya kuliko yeye. Wako vijana hapa mtaani ambao wazazi wao waliuza kiwanja ili walipie barua ya kazi, na barua yenyewe ikaonekana ni ya uongo. Hawakuwa wajinga. Waliamini tuliyowafundisha, kwamba kazi ya Serikali hupewa na mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mkutano huu ni hili. Kwanza, kwamba fedha ambazo huchangwa kwa ajili ya ujumbe wa pongezi zitumiwe mwaka huu kuweka meza moja katika ukumbi huu, na mtu mmoja mwenye kujua mashine, ili kila tangazo la Tume ya Utumishi wa Umma na la Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti lichapishwe na kubandikwa mlangoni, na kijana asiye na njia ya kuomba asaidiwe kujaza fomu yake, awe wa kabila letu au la. Najua maneno hayo ya mwisho yataleta ubishi, nami niko tayari kwa ubishi huo. Chama kinachodai haki katika daftari za Serikali hakiwezi kuwa na daftari la kabila mlangoni pake.

Pili, kwamba Katibu aandike barua kwa Bodi ya Kaunti yetu ya Nairobi. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yataka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Barua iulize mambo matatu: walioajiriwa katika miaka mitatu iliyopita ni wangapi katika kila ngazi ya cheo, katika hao, makabila ni yapi, na wangapi walisoma shule za msingi za hapa Nairobi. Swali hilo la tatu halimo katika fomu yoyote ninayoijua. Wakijibu kwamba hawana hesabu hiyo, tutakuwa tumepata jibu kubwa, na tutaomba waanze kuiweka. Wasipojibu, Tume ya Haki za Utawala ipo, na malalamiko hupelekwa bila malipo.

Tatu, na hili ni la wazee peke yao, kwamba taarifa ambayo Tume ya Utumishi wa Umma hutoa kila mwaka juu ya misingi ya Katiba isomwe hapa kwa sauti, sehemu ya makabila na vyeo, katika kikao cha robo mwaka kinachofuata kutoka kwake. Ni taarifa ndefu na Kiingereza chake ni kigumu. Mwalimu mmoja wa chama amekubali kuifupisha kwa Kiswahili.

Bwana Mwenyekiti, rasimu ya barua hiyo ninayo hapa, na nitaiacha mezani kwa Katibu. Naomba mwanachama aunge mkono ili Mkutano upige kura kabla ya chai.